Damu Yetu Inakwenda Wapi? Historia ya Vipimo vya Afya na Kuaminiana



Hili ni toleo la kumbukumbu ya Siku ya Wakimbizi, tarehe 20 Juni. Kamati ya jumuiya ilipogawa mada, wazee walipewa habari za vita na safari, akina mama wakapewa habari za vikundi vya ushirika, nasi walimu tukapewa afya. Tungeweza kuandika juu ya vyoo, maji safi na vyandarua, mambo ambayo yameandikwa mara nyingi. Tumeona afadhali tuandike juu ya jambo linalozungumzwa kila siku kwenye bomba la maji na kwenye foleni ya chakula, lakini haliandikwi: kwa nini watu wetu huogopa kupimwa, na ni kitu gani huwaondolea hofu hiyo.

Mara nyingi tumesikia ikisemwa kwamba wanaokataa kupimwa ni wajinga, na kwamba elimu ikifika watakubali. Kazi yetu ni elimu, na tungefurahi kama jambo lingekuwa jepesi hivyo. Lakini tunawajua watu wenye diploma wanaokimbia maabara, na tunawajua akina bibi wasiojua kusoma ambao huwapeleka wajukuu wao kupimwa kila wanapopata homa. Tofauti yao haitoki darasani. Inatoka katika historia: ni jambo gani liliwapata, au liliwapata wazazi wao, siku walipompa mgeni damu yao.

Mtu anayeombwa damu au makohozi huwa na maswali moyoni, hata asipoyatamka. Damu yangu inakwenda wapi? Ni nani atakayejua majibu? Nikishajulikana kuwa mgonjwa, nitatendewa nini? Tumeisoma historia ya nchi yetu ya Kongo na ya Uganda inayotupokea, na tumeona kwamba mahali ambapo maswali hayo yalijibiwa na watu wa palepale, watu walikuja kupimwa. Mahali ambapo yalijibiwa kwa amri au kwa kimya, watu walikimbilia porini.

HOFU YA TANGU ZAMANI

Wazee wetu wa Katanga walisimulia habari za batumbula, watu waliosemekana kukamata wenzao usiku. Huku Uganda na kule Kenya walitajwa wazimamoto. Pwani walitajwa mumiani. Majina ni mbalimbali lakini hadithi ni moja: yupo mtu mwenye gari na kifaa, ametumwa na wakubwa, anachukua damu ya watu wanyonge kwa faida ya wengine. Hadithi hizi zilienea sana wakati wa ukoloni, na zilihama kutoka nchi hadi nchi pamoja na vibarua wa migodini na wa reli.

Ni rahisi kuzicheka. Lakini tuangalie yaliyokuwa yakitendeka mchana kweupe miaka hiyo.

Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliangamiza watu wengi sana katika eneo letu. Kandokando ya Ziwa Viktoria, upande wa Uganda, walikufa zaidi ya watu 250,000 kati ya mwaka 1900 na 1920. Huko Kongo, mwaka 1903 Mfalme Leopold wa Pili aliwaita madaktari kutoka Liverpool, Uingereza, wapime ukubwa wa janga. Walizunguka nchi wakipapasa shingo za watu kutafuta tezi zilizovimba, kwa kuwa hiyo ni dalili mojawapo ya malale. Mmoja wao, Joseph Everett Dutton, alifia Kasongo, Maniema, mwezi Februari 1905, kwa homa ya kupe aliyokuwa akiichunguza mwenyewe. Hatusemi kwamba watu hao walikuja kwa nia mbaya. Tunasema kwamba aliyeshikwa shingo hakuulizwa, wala hakuelezwa.

Kilichofuata ndicho kilichobaki katika kumbukumbu. Serikali ya kikoloni ilijenga lazareti, yaani kambi za kuwatenga wagonjwa. Aliyekutwa na tezi alitenganishwa na jamaa zake, mara nyingine kwa nguvu ya askari. Dawa iliyotumika miaka hiyo iliitwa atoksili, na ilikuwa na sumu ya aseniki ndani yake. Baadhi ya wagonjwa walipofuka kwa sababu yake. Ili kujua kama ugonjwa umefika kwenye ubongo, mgonjwa alichomwa sindano ndefu mgongoni, yakachukuliwa maji ya uti wa mgongo. Msafiri naye alitakiwa kuwa na hati ya daktari ndipo aruhusiwe kupita njiani.

Sasa jiwekeni katika nafasi ya mkulima wa wakati ule. Anakuja mtu mwenye askari. Anashika shingo. Jirani anaondolewa na harudi, au anarudi kipofu. Mkulima huyo akisikia kwamba timu ya kupima inakaribia, akachukua watoto akaingia msituni, je, tumwite mjinga? Alikuwa amesoma kwa usahihi yale aliyoyaona. Hadithi ya batumbula haikuwa kweli, lakini iliyabeba mambo ya kweli.

Haki itendeke pia kwa upande wa pili. Timu zile za kuzunguka vijijini, zilipopata dawa bora na utaratibu bora, zilipunguza malale sana. Ilipofika mwaka 1960 ugonjwa ulikuwa karibu kutoweka Kongo, na watu wengi walipona ambao bila kupimwa wangekufa. Lakini tazama lililofuata. Fedha zilipopungua, magari yakakosa mafuta na vita vikaingia, timu zilisimama. Vijijini hapakubaki mtu wa kuendeleza kazi, kwa sababu kazi haikuwahi kuwa mikononi mwa wanakijiji. Mwaka 1998 Kongo iliandikisha wagonjwa wa malale zaidi ya 25,000, na hao ni wale waliofikiwa tu. Upimaji wa amri hudumu kadiri amri inavyodumu.

KAMPALA: WATU WANAOPIMANA WENYEWE

Mfano wa pili uko karibu nasi zaidi, katika nchi hii inayotuhifadhi. Tangu mwaka 1982 watu wa Rakai, kusini mwa Uganda, waliona ugonjwa mpya unaokondesha watu mpaka kufa, wakauita Slim. Kipimo cha virusi vya UKIMWI kilipatikana duniani mwaka 1985. Lakini kipimo hicho kilikuwa na faida gani kwa mtu wa kawaida? Dawa haikuwapo. Majirani walimtenga mgonjwa, waajiri walimfukuza, ndugu walimlaumu mjane. Aliyepimwa alipata hukumu bila msaada.

Mwaka 1987 Bibi Noerine Kaleeba, ambaye mumewe alifariki kwa UKIMWI mwezi Januari mwaka huo, aliungana na wenzake wachache wakaanzisha shirika la TASO. Wengi kati ya waanzilishi walikuwa wenyewe wana virusi, au walikuwa na jamaa aliyeambukizwa. Hawakuanza na maabara. Walianza kwa kukaa pamoja, kutembelea wagonjwa nyumbani, kuosha vidonda, kula nao sahani moja mbele ya majirani. Kwa hiyo kabla ya kumwambia mtu "nenda ukapimwe", walikuwa wamekwisha kumwonyesha majibu ya lile swali la tatu: ukikutwa na ugonjwa, sisi tutakuja kwako.

Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Bongoley Lutaaya, aliyekuwa akiishi Sweden, alirudi nyumbani akatangaza hadharani kwamba anaugua UKIMWI. Wako waliosema kwamba anadanganya ili auze nyimbo. Hakujibizana nao. Alizunguka shuleni na makanisani akizungumza na vijana, mwili wake ukipungua machoni pa watu, mpaka alipofariki tarehe 15 Desemba 1989. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kusema kwamba ugonjwa ni wa watu fulani wasiojulikana.

Katika hali hiyo, mwezi Februari 1990 kilifunguliwa Kampala Kituo cha Habari za UKIMWI, kinachojulikana kwa herufi AIC. Kilikuwa cha kwanza katika Afrika kusini mwa Sahara kutoa ushauri na kipimo cha virusi kwa hiari na kwa siri. Mtu hakuandikwa jina, alipewa namba. Alizungumza na mshauri kabla ya kutolewa damu, na tena wakati wa kupokea majibu. Waliopimwa walianzisha kilabu chao, wenye virusi na wasio navyo pamoja, wakafanya maigizo na nyimbo na kuwaeleza wengine namna walivyopokelewa. Shida iliyobaki ilikuwa ya kusubiri. Majibu yalichukua majuma mawili, na wengi hawakurudi kuyachukua, kwa sababu majuma mawili ya hofu ni marefu. Vipimo vya majibu ya siku hiyohiyo vilipoanza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1990, kizuizi hicho kiliondoka. Dawa za kupunguza makali zilipoanza kutolewa bure Uganda mwaka 2004, hata aliyekutwa na virusi alikuwa na njia ya kuendelea kuishi.

Wenzetu hawa walilijibu kila swali kwa tendo. Majina hayakuandikwa, kwa hiyo siri ilikuwa salama. Majibu yalitoka siku hiyohiyo, kwa hiyo damu haikupotelea mahali pasipojulikana. Aliyeambukizwa alikuwa na watu, na baadaye akawa na dawa. Matangazo ya redio yalisaidia, lakini yalikuja kueleza kitu ambacho tayari kilikuwapo.

BENI NA BUTEMBO, 2018 HADI 2020

Wengi wetu tuna jamaa waliokuwa Kivu ya Kaskazini wakati wa Ebola, kwa hiyo tutasema kwa uangalifu. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ya Kongo ilitangaza kwamba Ebola imeingia Mangina, karibu na Beni. Ulikuwa mlipuko wa kumi tangu ugonjwa huo ujulikane Yambuku mwaka 1976. Ulikwisha tarehe 25 Juni 2020, wakiwa wameugua watu 3,470, na kufariki watu 2,287.

Safari hii chanjo ilikuwapo. Maabara za kutoa majibu kwa muda wa saa chache zilikuwapo Beni na Butembo. Mtaalamu wetu Profesa Jean-Jacques Muyembe, aliyefika Yambuku mwaka 1976, alikuwapo. Fedha na magari vilikuwapo kwa wingi. Kwa nini basi ugonjwa ulichukua karibu miaka miwili?

Watu wa Beni walikuwa wakichinjwa kwa mapanga tangu Oktoba 2014, nao walikuwa wamelia bila kusikilizwa. Ghafla misafara ya magari ikaja, si kwa ajili ya mapanga, bali kwa ajili ya ugonjwa ambao wengi hawakuwahi kuuona. Wengi wa waliokuja katika kile kilichoitwa Riposte walitoka mbali, wakazungumza Kifaransa na Lingala mahali ambapo watu husema Kinande na Kiswahili. Kisha, tarehe 26 Desemba 2018, tume ya uchaguzi ilitangaza kwamba Beni na Butembo hawatapiga kura tarehe 30 pamoja na nchi nzima, na Ebola ikatajwa kuwa mojawapo ya sababu. Kesho yake waandamanaji walivamia kituo cha kupokelea wagonjwa huko Beni. Watafiti walipowauliza watu wa Beni na Butembo mwezi Septemba 2018, takriban mtu mmoja kati ya wanne alisema Ebola si kweli. Baada ya habari ya uchaguzi, hatushangai kwamba minong'ono ilizidi.

Mwezi Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilichomwa moto. Tarehe 19 Aprili 2019 Daktari Richard Mouzoko, raia wa Kameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi Butembo akiwa kazini. Tunamkumbuka hapa kwa heshima. Kueleza sababu za hofu si kuwasamehe wauaji.

Kazi ilianza kubadilika pale wenyeji walipopewa nafasi. Tutataja mambo machache yanayojulikana vizuri.

Kwanza, watu waliopona. Damu yao ilikuwa imeishinda Ebola, kwa hiyo waliweza kuwabeba na kuwalisha watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa. Kando ya kituo cha Beni kilikuwapo chumba cha kulelea watoto hao, na walezi walikuwa waliopona. Mwanamke aliyetoka hai, anayejulikana mtaani kwake, akisema "nilipimwa, nikalazwa, nimerudi", neno lake lilikuwa na uzito kuliko kipaza sauti cha gari.

Pili, kuona kwa macho. Vilitumika vyumba vya plastiki angavu, ili jamaa waweze kumwona mgonjwa wao na kuzungumza naye. Watu walikuwa wakisema kwamba maiti huibiwa viungo ndani ya mifuko, au kwamba mifuko haina maiti. Wafanyakazi wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu waliyaandika maneno hayo kama yalivyosemwa, bila kuyadhihaki, wakayapeleka kwa wakuu. Ikaletwa mifuko inayoonyesha, na jamaa wakaweza kumtambua marehemu wao kabla ya kuzika.

Tatu, kamati za mitaa. Vikundi vya vijana, akina mama, wachungaji na machifu, wengine katika kamati zilizoitwa CAC, vilianza kupita nyumba kwa nyumba vikitumia lugha ya nyumbani. Vijana wa vijiji vilivyokuwa vikiwafukuza wazishi walifundishwa kuzika wenyewe kwa usalama.

Nne, dawa. Mwezi Agosti 2019 ilijulikana kwamba dawa mbili zinaokoa. Kati ya waliozipata wakiwa bado na virusi vichache mwilini, karibu tisa kati ya kumi walipona. Maana yake, kupimwa mapema kulikuwa ni uhai. Na hapa kuna jambo ambalo tungependa kila mwanafunzi alijue. Mojawapo ya dawa hizo ilitokana na damu ya Mkongo aliyepona Ebola huko Kikwit mwaka 1995, katika mlipuko ulioua watu takriban 250. Zaidi ya miaka kumi baada ya kupona alitoa damu yake, watafiti wa Kongo na Marekani wakapata ndani yake kinga, na kinga hiyo ikafanywa dawa. Babu zetu waliogopa kwamba damu yetu inachukuliwa ili iwanufaishe wengine. Damu ya Kikwit ilirudi Beni ikiwa dawa. Habari kama hiyo ilistahili kutangazwa kwa Kiswahili tangu siku ya kwanza.

Ebola ilipovuka mpaka na kuingia Kasese, Uganda, mwezi Juni 2019, ndani ya familia iliyotoka Kongo, haikuenea. Wafanyakazi wa afya walikuwa wamejiandaa, na wajitoleaji wa mpakani Mpondwe walikuwa wamekaa pale kwa miezi mingi wakipima joto la wapitaji na kuzungumza nao.

HAPA KAMBINI

Tuje sasa nyumbani, maana kambi hii ni nyumba yetu kwa sasa.

Kipimo kinachoaminika kuliko vyote hapa ni kile kidogo cha malaria. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa. Uganda nayo ilianzisha wahudumu wa afya wa vijiji, ambao sote tunawaita VHT, tangu mwaka 2001. Katika vijiji vyetu VHT ni jirani. Anamchoma mtoto kidoleni mbele ya mama yake, anaweka tone la damu kwenye kile kibao, anaongeza dawa ya maji, wanasubiri pamoja kama dakika 15 au 20. Mstari mmoja kwenye herufi C: kipimo kimefanya kazi, malaria haikuonekana. Mistari miwili: malaria ipo. Mstari wa C usipotokea, kipimo kimeharibika, kirudiwe. Tunawafundisha watoto wa darasa la tano kuusoma, nao huwasomea wazazi.

Kwa nini watu hawakikimbii kipimo hicho? Tone la damu halitoki nje ya mlango. Majibu yanaonekana kwa macho ya mama mwenyewe. Dawa iko ndani ya mfuko wa mpimaji, na mpimaji anajulikana jina lake, kabila lake, hata madeni yake dukani.

Linganisheni na kifua kikuu. Hapo makohozi yanakwenda mbali, majibu yanakuja baadaye, na jina linaandikwa kwenye daftari. Na hapo ndipo minong'ono inapokaa. Minong'ono mikubwa miongoni mwetu ni ya faili la kusafiri. Watu husema ukikutwa na kifua kikuu au na VVU, faili lako la kupelekwa nchi ya tatu linafungwa na familia nzima inabaki. Kwa hiyo baba anakohoa miezi mitatu, anakunywa asali na tangawizi, na watoto wanalala naye chumba kimoja.

Ukweli unaojulikana ni huu. Marekani iliondoa VVU katika orodha ya magonjwa yanayozuia mtu kuingia nchini humo tarehe 4 Januari 2010. Kifua kikuu kinachoambukiza huchelewesha safari mpaka mtu atibiwe na asiweze kuambukiza wengine, hakiui faili. Tiba ya kawaida ni ya miezi sita. Aliyeficha ugonjwa ndiye anayejichelewesha zaidi, kwa sababu uchunguzi kabla ya safari utaukuta tu, na wakati huo huenda watoto nao wamekwisha kuambukizwa. Kama safari zimesimama kwa sababu za siasa za nchi kubwa, kama zilivyosimama za Marekani mwezi Januari 2025, hilo si kosa la makohozi ya mtu yeyote.

Lakini tumeona kwamba maneno haya yakisemwa na mgeni kwenye mkutano, watu hupiga makofi na kwenda zao. Yakisemwa na mama ambaye alitibiwa kifua kikuu miezi sita, akapona, na faili lake likaendelea, majirani zake humfuata jioni wakimwuliza pembeni. Wakati wa COVID-19, shule za Uganda zilipofungwa, kabisa au kwa sehemu, tangu Machi 2020 mpaka Januari 2022, sisi walimu tulikuwa bila madarasa. Tulipita vijijini na VHT na wazee wa kanisa na wa msikiti, tukibeba maswali ya watu kuliko tulivyobeba majibu. Swali kubwa halikuwa "ugonjwa upo?" Lilikuwa "nikikutwa nao, watanipeleka wapi, na nani atalisha watoto?" Mahali ambapo majirani waliahidi mbele ya watu kuchota maji na kupika, na wakatimiza, watu walikubali kupimwa.

Wazee husema mficha maradhi kifo humuumbua. Ni methali ya kweli, ila inamlaumu mgonjwa peke yake. Mgonjwa huficha pale anapojua kwamba kujulikana kutamgharimu. Jumuiya ikiipunguza gharama hiyo, naye hupunguza kuficha.

TUNAYOIOMBA KAMATI

Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilikata sehemu kubwa ya misaada yake, na shirika la USAID likafungwa. Mashirika yanayotuhudumia yalipunguza watu na kazi. Tunaogopa jambo moja kuliko yote: mashine zibaki, na watu wa kupita nyumba kwa nyumba waondoke. Historia ya malale imekwisha kutuonyesha mwisho wake. Kwa hiyo tunaiomba kamati yetu, na viongozi wetu wa RWC, wayafikirie haya ambayo hayahitaji mfadhili mkubwa.

Kila kijiji kiwe na watu wawili au watatu waliowahi kupimwa na kutibiwa, kwa ugonjwa wowote, walio tayari kwa hiari yao kuongea na majirani. Asilazimishwe mtu kutangaza ugonjwa wake.

VHT waheshimiwe. Wanafanya kazi kwa kujitolea. Mwenzao anapokwenda kupima usiku, kijiji kimlimie shamba lake zamu kwa zamu.

Daftari la majibu lisisomwe mbele ya foleni. Muuguzi akikosea katika hili, kamati imweleze kwa adabu, mapema, kabla siri ya mtu mmoja haijawafukuza watu mia.

Maelezo yatolewe katika lugha za watu: Kiswahili, Kinyabwisha, Kibembe, Kifuliiru na nyinginezo. Wanafunzi wetu wa madarasa ya juu wako tayari kutafsiri matangazo, ila majibu ya mgonjwa yatafsiriwe na mtu mzima aliyeapa kutunza siri.

Uvumi uandikwe. Sisi walimu tutafungua daftari shuleni, mtu yeyote aje aseme alichosikia, bila kuandika jina lake. Kila mwisho wa mwezi tutalipeleka kwenye kituo cha afya, na tutawarudishia watu majibu kwenye mkutano wa kijiji. Swali lisilo na jibu litasomwa pia, ili watu wajue kwamba halikufichwa.

Daftari hilo litakuwa wazi kuanzia Jumatatu baada ya sherehe za tarehe 20 Juni, katika ofisi ya shule, saa nane hadi saa kumi alasiri. Karibuni. Anayeona aibu kuja mchana atume mtoto wake na karatasi.

Wenu katika kazi,
Walimu wa shule ya msingi, kwa niaba ya kamati ndogo ya elimu na afya